Nilisema Jointi Yangu Haivuji

Mama Lornah wa safu ya ushauri, mimi nina miaka sabini na tisa, nimezika mameneja wanne wa kampuni niliyofanyia kazi miaka thelathini na moja, na kampuni yenyewe ikafungwa, wakabomoa wakajenga maghorofa pale Kileleshwa, na mimi bado napanda ngazi bila kushikwa mkono. Sijazoea kuomba msaada lakini hii imenishinda, naomba unijibu kabla ya Alhamisi.

Kazi yangu ilikuwa mabomba ya gesi, shule niliacha darasa la tatu lakini mainjinia walikuwa wananiita niwaonyeshe walikokosea, na mimi hakuna aliyewahi kunionyesha. Nilipostaafu nikajenga mtambo wa gesi ya kinyesi cha ng'ombe hapa kwa shamba ya baba yangu nyuma ya Loresho, ng'ombe wawili, bomba mpaka jikoni, na kila Jumamosi nilikuwa napaka maji ya sabuni kwa kila jointi, pale mabomba yanaungana, maana pakifanya mapovu hapo ndipo gesi inatoka, vile tulifundishwa kazini. Basi mwaka jana nikajiambia, miaka kumi sijaona povu hata moja, fundi kama mimi najikagua ya nini, nikaacha.

Mwezi wa tatu mwaka huu moto ukaanza kuwa mdogo, githeri, mahindi na maharagwe, inawekwa asubuhi na saa nane bado ni mawe. Nikamwambia mke wangu Waringa anaharibu gesi, anachemsha chai mara tano kwa siku, akaniambia, "Baba Wahu, hiyo ya tano huwa ni yako." Nikasema basi ni ng'ombe, yule mweusi, nyasi yake mbaya, nikabadilisha nyasi, moto ukakataa. Waringa akachoka na maneno yangu akarudia jiko ya makaa, miezi mitatu, na kifua chake si kizuri, alikuwa anakohoa mpaka anashika meza.

Siku moja akiwa kanisani nikachukua sabuni nikapaka. Jointi ya nyuma ya zizi ikafura kama maziwa yakichemka. Ni mimi niliifunga. Harufu hakuna aliyesikia kwa sababu niliweka mkebe wa nyuzi za chuma pale gesi inatoka mtamboni, uondoe harufu, hiyo pia ni akili yangu. Nikaikaza, nikamwambia Waringa ng'ombe amekubali nyasi mpya. Mpaka leo hajui.

Sasa Jaswinder, mtoto wa meneja wangu wa mwisho, anauzia mabomba kampuni inayochimba mafuta huko kaskazini, na serikali inakusanya maoni ya wananchi, wenye mafuta wanataka sheria ya kukagua methane inayovuja ilegezwe, isiwe kila miezi mitatu, iwe mara moja kwa mwaka. Akaja hapa na keki, akaniambia, "Fundi, hiyo methane ni ile ile yako ya ng'ombe. Wewe simama Alhamisi pale mjini, sema miaka kumi na moja hakuna kuvuja, na hakuna mkaguzi alikuja kwako. Mimi watasema natafuta biashara, wewe watasikia." Nikasema sawa, hata nikaongeza miaka ikawa kumi na tano. Waringa alikuwa anamimina chai, akamwambia, "Huyu mzee ana maneno mengi, lakini uongo hajui."

Tangu hapo nafikiria kitu moja na sipati jibu. Gesi ni mali ya hao wenye mafuta. Kama inatoka na hakuna mtu anaangalia, wanafaidika namna gani? Jaswinder anasema kukagua kunakula pesa kuliko gesi inayopotea. Mimi nilipata Jumamosi zangu nikapumzika, lakini miezi mitatu ng'ombe wawili walikuwa wanapikia hewa. Ama yao ni tofauti kwa sababu ni kubwa? Nauliza nijue, si kubishana, ingawa nikibishana nashinda. Na nikisema ukweli huko Alhamisi, Waringa atakuwa mstari wa mbele, ameshonesha gauni. Nifanye nini?

Ukifikiri najisifu bure, muulize Jaswinder kazi yangu ilikuwa namna gani, na umuulize Kitonga wa duka la mabomba River Road, ananijua tangu akiwa na nywele.

Mzee Thuo, Loresho

*

Mzee Thuo, pole nampa Mama Wahu na kifua chake. Yako ingoje kidogo.

Nianze na swali lako, maana ni zuri kuliko mwenendo wako. Nilimuuliza mtu ambaye kazi yake ni kupima gesi kwenye visima vya mafuta. Anasema Jaswinder hajakudanganya kabisa: kisima kidogo kilichochoka, kukikagua kila mara kunaweza kugharimu zaidi ya gesi itakayookolewa, na mwenye kisima hicho akilegezewa atapumua. Lakini anasema mara nyingi ni sehemu chache tu zinazomwaga gesi nyingi, na huwezi kujua ni zipi mpaka upime. Tena wako wanunuzi siku hizi wanaouliza gesi imevuja kiasi gani kabla ya kuinunua. Asiyepima atawajibu nini? Na ikitoka inaongeza joto la dunia, jambo ambalo wewe na keki yenu hamkuligusa.

Kwa hivyo kulegeza kunamsaidia mtu kwa muda, na gharama inamwendea mwingine. Huhitaji kwenda kaskazini kuliona hilo. Ulijilegezea sheria ya Jumamosi: aliyepumzika ni wewe, aliyekohoa ni Waringa. Na ng'ombe ukamtukana bure!

Sasa sikiliza. Mwambie leo, nyumbani, wala usianze na habari ya nyasi. Chukua sabuni yako, mpeleke nyuma ya zizi, mwonyeshe jointi yenyewe. Akikugombeza, usibishane. Kesho mpeleke akapimwe kifua. Kisha mpigie Jaswinder simu, asije akashtukia ukumbini. Ukisimama Alhamisi, taja miaka uliyokagua, na mwaka ulioacha, na kilichotokea. Iwe kumi ya kukagua na mmoja wa kuacha, si kumi na tano.

Umenipa mashahidi wawili wa ufundi wako, nami nimekuamini. Shahidi wa ile miezi mitatu ya moshi hukunitajia, na yuko mmoja tu, mwenye gauni jipya. Asifike mstari wa mbele kabla hujamwambia ameshuhudia nini.