Wagonjwa Wote Hawajambo

Shauri Moyo, Jumanne

Kukhu mpendwa,

Natumaini baridi haikusumbui magoti. Shangazi amenipatia kazi kwenye kliniki ya mtaa. Kila asubuhi nahesabu wanaokohoa, ili daktari ajue mapema kama homa ya mafua inaenea. Jana nilipita foleni nzima nikiuliza kwa sauti ndogo, "Habari ya afya?" Wakakohoa, wakajibu, "Mzuri sana, mwanangu." Nikaandika sifuri.

Sista, muuguzi wa zamu, akaitazama karatasi. "Kwa hivyo hawa wote wamekuja kunisalimia?"

Tulipohesabu upya, wanaokohoa walikuwa wengi kuliko wa wiki nzima iliyopita, na daktari akaarifiwa mara moja. Sasa nauliza kikohozi kabla ya salamu, na wazee wanasema sina adabu.

Nakukumbuka sana. Ukijibu, usiniandikie "hatujambo". Niambie nani anakohoa.

Mjukuu wako,
Nekesa