Mchezo Wangu wa Mbalamwezi

Jumatano, 3 Septemba
Barua za maombi ya kazi za watu wengine. Kopi za vyeti vya kuzaliwa. Ripoti ya mwalimu mmoja yenye makosa kila mstari, na mwenyewe kasimama kichwani kwangu akinihimiza. Ndiyo siku yangu hapa steshenari ya Buzebazeba. Wateja wakipungua nafungua faili langu, naandika maneno ya nahodha wangu.

Shindano la waandishi wa michezo ya simu. La tatu kwangu. La kwanza sikujibiwa. La pili niliambiwa nina kipaji, nikalia kwa hasira, maana kipaji bila kazi ni sifa za marehemu. Hili nimepita mchujo wa kwanza. Tumebaki sita. Mshindi anaajiriwa na kampuni na anaandikia nyumbani kwake, popote alipo.

Mama anajua. Mama pia amekwishazungumza na baba mdogo wa Kasulu, nikamshikie duka la vifaa vya ujenzi. Baba mdogo anataka jibu kabla mwezi huu haujaisha. Kwa kuwa nina diploma ya uhasibu, kila mtu anaona duka hilo na mimi tumezaliwa pacha. Silitaki. Naandika hapa kwa sababu mezani siwezi kulisema.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimetuma kipande cha raundi ya pili. Fundi wao ataingiza maneno yangu mchezoni, kisha watu wa mikoa mbalimbali watacheza na kutoa maoni.

Nahodha wangu ni Bi Tausi. Ana mtumbwi, wavu, taa na wavuvi wanne. Usiku wa giza anaingia ziwani, dagaa wanafuata taa, wavu unapanda. Baadaye mwezi unakuwa mpevu na kitufe cha kuingia ziwani kinazimika. Ndivyo ilivyo. Mwezi ukiwaka dagaa hana haja na taa yako. Hapa Ujiji hata mtoto wa chekechea anajua kwamba mbalamwezi baba analala nyumbani.

Nimeridhika. Nimekula wali na maharage kwa raha zangu.

Jumatatu, 8 Septemba
Maoni yamekuja. Nimeyasoma nikiwa nimesimama.

"Mchezo umeganda." "Kitufe kibovu, rekebisheni." "Nimebonyeza mpaka kidole kimechoka." Jamaa mmoja wa Arusha kaandika kwamba mwandishi kalala. Nimekuwa wa mwisho.

Mwandishi hajalala. Nimemwandikia Neema, mhariri wao, barua pepe ndefu. Nimemwambia watu wake hawajui ziwa, hawajui dagaa, na asiyejua huuliza. Nimetuma kabla ya kuisoma tena.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeisoma tena. Mungu wangu.

Neema amejibu. "Dada, mimi ni mtu wa Dodoma na nimecheza kipande chako nikiwa Dodoma. Habari ya mwezi nimeielewa. Lakini umenizuia kuingia ziwani, halafu hukunipa cha kufanya. Bi Tausi anafanya nini siku hizo?"

Sote sita tuna nafasi ya kurekebisha mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Hakunifukuza.

Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha hasira. Kisha nikakubali, kwa shida, kwamba yuko sahihi. Kwangu mbalamwezi ni siku ambazo hakuna kitu, ndiyo maana sikuandika kitu. Nimelelewa kwenye nyumba ya wavuvi na sijui mvuvi anafanya nini asipovua.

Jumatano, 10 Septemba
Kaka Rajabu yuko nyumbani, kama manahodha wote siku hizi za mwezi. Nimeomba ruhusa kazini, nikamganda kama kupe.

Asubuhi kashona wavu mchangani na watu wake. Kalalamikia chai. Kalalamikia jua. Mchana kamgombeza Shabani, mshika taa wake, mbele za watu, eti tundu kaliziba vibaya. Shabani kaweka sindano chini, kaondoka. Mtu mzima akiondoka namna ile, kuna jambo. Jioni tukasikia yuko Kibirizi kwa nahodha mwingine, ananunuliwa soda na kuulizwa hali ya mama mkwe wake.

Kumbe hiyo ndiyo kazi ya mbalamwezi. Manahodha wanaibiana watu. Giza likirudi unakuta mtumbwi upo, wavu upo, mshika taa kahama. Na wanaibiana kwa maneno: pole ya msiba, mwaliko wa harusi, salamu kwa wakwe. Nimeyaona haya tangu utotoni, nikadhani ni umbeya.

Sijalala mchana wala sijala. Naandika.

Ijumaa, 12 Septemba
Naandika. Mama kauliza habari za Kasulu. Nimesema bado. Kaondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Jumatatu, 15 Septemba
Wavuvi wanne wa Bi Tausi sasa ni watu. Mmoja kafiwa. Mmoja anaoa. Mmoja mbishi. Mmoja hanuni wala hacheki, na huyo ndiye wa kuogopwa. Siku za mwezi mchezaji anawatembelea na kuchagua maneno, huku nahodha mwingine naye anapita nyumba hizo hizo. Ukiteleza, giza likirudi unaingia ziwani na watu pungufu na wavu haunyanyuki.

Maneno ya kwa mfiwa yamenishinda. Nimemsomea Mama jikoni. Kauliza nani kafa. Nimesema hakuna, ni mchezoni.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "unaniletea msiba wa mtu asiyekuwepo?"

Kakuna nazi. Kisha akasema yale maneno yangu ni ya mtu mwenye haraka. Kwao Mwamgongo ukifika msibani unakaa kwanza. Husemi. Mwenyewe akikutazama, ndipo unatoa pole. Nimefuta mistari yote, nikaweka uchaguzi mmoja mpya: kaa kimya. Nimefuta pia utani mrefu uliokuwa unanichekesha mimi peke yangu. Umeniuma.

Rajabu anaingia ziwani tena, giza limerudi. Ana mshika taa wa kuazima. Anarudi na dagaa wachache, wa kufichwa chini ya kanga kwa aibu.

Alhamisi, 18 Septemba
Fundi katuma mchezo wa majaribio. Nimempa Rajabu simu. Kacheka: yeye nahodha wa kweli atashindwa na nahodha wa kwenye kioo?

Kafukuza wavuvi wote wanne. Kalaumu simu. Karudia, kamgombeza tena mbishi mbele za watu, wakamkimbia tena. Nilitaka kucheka, nikajizuia, kwa sababu safari ya tatu aliacha kubonyeza hovyo. Alikuwa anasoma. Midomo inatembea. Kwa mbishi alichagua kumwita pembeni.

Kanirudishia simu, kavaa kandambili, katoka. Chai kaiacha. Nilijua anaelekea kwa nani, na kwa mara ya kwanza tangu nianze mambo haya niliona maneno yangu yamemwinua mtu kwenye kiti. Hata nisiposhinda. Hapana, uongo. Nataka kushinda.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimetuma. Shabani kaonekana anapakia taa kwenye mtumbwi wa Rajabu.

Jumanne, 23 Septemba
Nimeingia fainali. Tumebaki watatu. Fainali ni Jumamosi kwa video, wachezaji watacheza mbele yetu. Baba mdogo kapiga simu tena. Mama kamwambia asubiri Jumapili. Kasema Jumapili, si leo. Nimemsikia kutoka uani, nikataka kumkumbatia, nikaogopa atabadili nia.

Jumamosi, 27 Septemba
Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Nilikaa kwenye kompyuta ya steshenari. Mzee mwenye duka alikataa kufunga, kwa hiyo wateja wakajipanga nyuma yangu na bahasha zao. Mchezaji wa kipande changu? Yule jamaa wa Arusha.

Akavua vizuri. Mwezi ukapevuka. Kitufe kikazimika. Akabonyeza mara mbili, akakunja uso. Ndipo Bi Tausi akasema mstari wake: "Mwezi umefunga ziwa. Nani atawafunga watu wangu wasiende kwa jirani?"

Jamaa akacheka. Akaanza kutembea. Kwa mfiwa kidole kilisimama juu ya maneno ya pole, kisha kikashuka kwenye "kaa kimya". Akakaa. Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Huyu kafundwa." Kwa mbishi alikosea, akarudi kuomba radhi. Giza liliporudi wote wanne walikuwa mtumbwini, na jamaa akapiga meza kwa furaha, huko huko Arusha.

Neema akatangaza. Jina langu. Nimeshinda. Naandika tena kwa kuwa naweza: nimeshinda. Mwandishi wa michezo, kwa mkataba, nikiwa Ujiji.

Watu wasionijua wamenishika mikono. Mzee kachapa jina langu kwa wino wa rangi, yeye anayetunyima rangi hata kwa picha za harusi, na kalibandika mlangoni. Rajabu kawaambia wavuvi wake yeye ndiye alinifundisha. Nimemwachia. Mama kapiga simu Kasulu mwenyewe. Kasema, "Binti yako ameajiriwa." Kisha akaingia chumbani na kufunga mlango, akalia. Nami nikalia upande wa pili.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mvua ya kwanza, nyepesi. Baba mdogo kapata kijana wa duka, kanitumia salamu.

Nimepewa kazi ya kwanza: mkulima wa zabibu, Dodoma. Asubuhi nimeandika mavuno, vikapu, nyimbo, furaha tele. Nikasimama. Zabibu sijawahi kuziona mtini.

Nimempigia Neema, nikamuuliza mkulima anafanya nini zabibu zikishaisha. Akaanza kunisimulia habari za baba yake. Mama kaniletea chai. Kaniona nimeshika simu nasikiliza tu, siandiki, akaiweka pembeni taratibu na kurudi jikoni.