Uduvi Kwenye Sahani ya Mama

Bagbazar, Kolkata
Tarehe 3 Desemba

Mdogo wangu mpenzi Pulak,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mkeo na binti yenu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba baridi ya Toronto haijawafungia ndani. Huku hatujambo. Kifua cha Mama kimetulia, goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi tu, na mimi sina ugonjwa wowote isipokuwa hasira, ambayo hakuna duka la dawa mtaani kwetu linalouza dawa yake.

Umepiga simu mara tatu kuuliza chakula cha Mama cha kutimiza miaka sabini kilikuwaje, na mara zote tatu nimekuambia mtandao haushiki. Mtandao unashika vizuri sana. Nimeona afadhali niandike, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza maneno, na mimi ningepata nafasi ya kukimbia. Jambo lenyewe ni hili: Mama aliacha kusema nami. Leo ni siku ya kumi tangu tutoke kule mgahawani ulikotulipia, na mpaka jana sikuwa nimepata hata neno moja kutoka kinywani mwake.

Na Jamuna anayetusaidia kazi za nyumbani anaongea. Na muuza maua anaongea. Hata na paka wa jirani anaongea. Mimi naletewa ujumbe. Nimekaa hatua mbili tu kutoka alipo, namsikia anamwambia Jamuna, "Mwambie mwalimu chai yake inapoa." Juzi Jamuna alichoka, akamjibu, "Mama, si huyo hapo, mwambie mwenyewe!" Mama akageuza uso, akaendelea kukata boga lake.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Jina la mgahawa ule sitaliandika, lisije likanichafulia karatasi. Najua ulichagua kwa moyo mweupe. Uliona picha za jumba la kale la Ballygunge, nguzo zake na taa zake za vioo, ukasoma kwamba wana mlo maalumu usio na nyama wala samaki wala kitunguu, vitu ambavyo mjane kwetu amekatazwa, ukasema hapo Mama atakula bila wasiwasi. Sikulaumu. Lakini Pulak, jina la mlo wenyewe hukulisoma? Mhudumu alitutangazia akiwa amesimama wima kama msoma taarifa ya habari: "Jiko la Mjane." Akatueleza, mbele ya Mama na sari yake nyeupe ya ujane, kwamba wajane wa nyumba kubwa za zamani walibuni mapishi ya ajabu kwa maganda na mashina ya mboga, na kwamba leo tutausherehekea ubunifu wao. Kusherehekea! Nilidhani ananitania. Mama alisema tu kwamba maganda yeye anayapika kila siku nyumbani, na hajamwona mtu akija kumpigia makofi.

Walituketisha karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo kila anayepita na sinia lazima akugonge bega. Nikaomba meza tupu iliyokuwa dirishani. Wakasema ina wenyewe. Hao wenyewe hawakutokea mpaka tunaondoka. Tulingoja dakika hamsini, na katika dakika hizo mhudumu alikuja mara nne kuuliza tunataka maji ya chupa ya aina gani, na kila mara alimsemesha Mama kwa Kiingereza. Mama! Aliyewafundisha nusu ya watoto wa mtaa huu kusoma Kibangla! Alipomwomba maji ya kunawa mkono, akaletewa bakuli la maji baridi kama barafu, waridi zinaelea juu yake, kisha akapangiwa uma na visu kama anayekwenda kufanyiwa upasuaji.

Chakula kilipofika nilijuta kwamba kimefika. Wali ulikuwa kirundo kidogo unachoweza kukifunika kwa kikombe cha chai. Nilipoomba wa kuongeza nikaulizwa kama nina hakika. Tangu lini Mbangla akaulizwa kama ana hakika na wali? Luchi, zile chapati ndogo za kukaanga ambazo zinatakiwa zifike zimefura na zinafuka moshi, zilikuwa zimelala bapa, ukizivuta zinavutika. Dengu zilitiwa sukari ya kutosha chai ya watu sita. Na mboga ya karela, ambayo ndiyo ya kufungulia mlo, waliileta baada ya dengu! Mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba chungu hutangulia. Nilipomwambia mhudumu, akasema mpishi wao hupenda kuvunja utaratibu. Nikamwambia akavunje vyombo vya kwao kwanza.

Kisha akaja meneja, na suti yake ya buluu na meno yote nje. Aliomba ampige Mama picha, na nywele zake za mvi na sari nyeupe na sahani ile mbele yake, aiweke kwenye ukurasa wao. Eti ni nadra kumpata mteja halisi. Nilimwambia mama yangu si pambo la ukutani, na kama anatafuta mjane halisi akamtie mke wake katika hali hiyo. Najua ni neno baya. Nililisema na sijalirudisha.

Tukiwa bado tunavutana, likaletwa bakuli la ua la mgomba. Mama alijipakulia, akachanganya na wali kwa vidole, akaanza kula kimya, kichwa ameinamisha. Alikuwa amefika nusu ya sahani nilipoketi na kutia tonge langu mdomoni. Uduvi. Si harufu wala shaka, ulikuwa uduvi mzima mzima na mikia yake, umepikwa humo ndani.

Nilipiga ukelele mgahawa mzima ukanyamaza. Nilimwambia Mama ateme. Nilimnyang'anya sahani kabla tonge la mkononi halijafika kinywani, wali ukamwagikia sari. Mhudumu akaja mbio akisema, "Lakini madamu, hicho ni chakula cha mboga tu, uduvi ni kidogo, wa kuleta ladha." Nikamuuliza uduvi huo umechumwa mti gani. Nikataka mpishi aitwe. Akaja, mtu wa makamo aliyesomea upishi ng'ambo, akasema kwa upole kwamba hata bibi yake alilipika ua la mgomba hivyo hivyo. "Basi bibi yako alikuwa na mume!" nikamwambia. Nikawaeleza wote, kwa sauti ile ninayofundishia wasichana sitini, kwamba mwanamke huyu hajatia samaki wala nyama wala yai kinywani kwa miaka thelathini na moja, na wao wamemvunjia mwiko kwa ajili ya ladha. Watu walikuwa wameinua simu wananipiga picha. Meneja akaleta keki ya kuomba radhi. Keki, Pulak, yenye mayai!

Mama alinawa mkono katika lile bakuli la waridi, akachukua mkoba wake, akatoka. Ndani ya teksi alitazama nje njia nzima.

Mimi nilidhani amewakasirikia wao. Tulipofika nyumbani nilimchukulia maji ya mto mtakatifu wa Ganga, nikampigia kuhani simu aje amfanyie ibada ya kutakaswa. Mama akajifungia chumbani. Nikaandika barua ya malalamiko kurasa tatu, nikamsomea nikiwa nje ya mlango wake, tena kwa sauti, nikirudia pale nilipoona nimepatia. Akazima taa.

Jana asubuhi alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamwambia kuhani anakuja Alhamisi, kwa hiyo ajiandae. Hakuinua macho. Alisema, "Mara mbili umeninyang'anya sahani, Ketaki. Ya tatu nitakupiga nayo."

Utauliza mara ya kwanza ni ipi, na hilo ndilo limenifanya niandike barua hii badala ya kushika simu. Nimeshaandika kurasa nyingi kuhusu luchi na karela ili nisifike hapa.

Unakumbuka mwezi wa Januari baada ya Baba kufariki. Wewe ulikuwa na miaka sita, mimi kumi na minne. Bibi alikuwa ameamuru wewe upikiwe kichwa cha samaki wa rui kila Jumapili, uote nguvu, kwa kuwa sasa ndiwe mwanamume wa nyumba. Ulikuwa hukimalizi. Jumapili moja Mama alikutwa nyuma ya mlango wa jikoni anafyonza kichwa ulichobakiza. Bibi alimpokonya sahani, akamtoa uani, akammwagia maji ya kisimani na nguo zake mwilini katika baridi ile, na siku mbili hakupewa hata punje ya wali. Ulilia mpaka ukapoteza sauti. Na tangu siku hiyo umeamini, kama nyumba nzima ilivyoamini, kwamba aliyekwenda kumsema kwa Bibi ni Shangazi Bina.

Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwona, na mimi ndiye niliyepanda ngazi kumwambia Bibi. Hakuna aliyenituma. Nilimwona Mama amefumba macho, anafyonza, na uso wake una raha, na nikamchukia. Nilikuwa namlilia Baba kila usiku, na nilifikiri mtu anayeweza kula hivyo ameshamsahau. Nilitaka aumie kama mimi. Nilipomwona anatetemeka uani nilitaka kusema basi, lakini sikusema, na Shangazi aliposingiziwa nikanyamaza, maana kunyamaza kulikuwa rahisi. Nimenyamaza miaka thelathini na moja. Ulipokataa kuja kwenye mazishi ya Shangazi mwaka juzi, ukasema huwezi kumwekea kuni za kuchomea maiti mwanamke aliyemsema mama yako, nilikusikia, nikakubaliana nawe kwa simu. Aibu hiyo siwezi kuieleza zaidi ya hapo.

Na Mama alijua. Bila shaka alijua siku ileile, akaninyoa nywele nilipopata chawa, akanishonea sare za shule, akanipeleka chuoni, akijua. Kule mgahawani niliwafokea wale watu kwa sauti ya Bibi, Pulak. Neno kwa neno. Sahani niliishika kwa mkono kama wake.

Leo asubuhi nilikwenda sokoni nikanunua kichwa cha rui, nikakipika kwa mafuta ya haradali, nikamwekea Mama mezani. Akaniuliza, "Kwa hiyo leo umeniruhusu?" Akasukuma sahani upande wangu. "Kaa, ule wewe. Mimi nitatazama. Kutazama nimezoea."

Nikala. Nilikula nikilia, makamasi na yote, na yeye amekaa mbele yangu na mikono mapajani, anasema tu, "Angalia mwiba," na baada ya kidogo, "Angalia, huo mwingine." Unajua sijawahi kuwa hodari wa kichwa. Nilipokula nyama ya shavuni nikasukuma sahani, akasonya. Akasema mtu wa miaka arobaini na mitano anayeacha ubongo na macho hastahili kununuliwa samaki. Akavuta sahani, akakunja mkono wa blauzi, akakila chote mpaka mfupa wa mwisho, polepole, na vidole akavilamba. Jamuna alisimama mlangoni ameziba mdomo kwa upindo wa nguo. Mama hakumtazama yeye wala mimi.

Nilimuuliza kama kule mgahawani alijua. Akasema alijua tangu tonge la kwanza. Uduvi wenyewe, anasema, ulikuwa wa juzi, na mpishi yule asisingizie bibi yake, maana hakuna bibi anayesahau chumvi. Kuhani nimemwambia asije.

Kwa hiyo hasira yangu kwa wale watu ipo palepale, na barua ya malalamiko nitaituma, ila nimefuta ukurasa wote unaomhusu Mama. Wewe nikasirikie unavyotaka. Usipopiga simu mwezi mzima nitaelewa, lakini yeye mpigie. Mfikishie mkeo salamu, mbusu mtoto kwa niaba yangu, vaeni nguo nzito.

Na utakapokuja huku mwezi wa pili, nakuomba jambo moja. Tushuke pamoja mtoni, tumtolee Shangazi Bina maji na maua. Wewe simama tu kando yangu. Mwenye maneno ya kumwambia ni mimi.

Ni mimi dada yako,
Ketaki