Haradali Badala ya Matofali

Jumatatu, 4 Machi
Nimeng'oa nyanya zote zilizobaki. Mizizi imejaa vinundu kama upele. Bwana shamba alishaniambia ni minyoo ya udongoni, akashauri nipande haradali: ikianza kuchanua niikatekate, niifukie siku hiyohiyo, nishindilie, nimwagilie. Ukali wake, usipotoroka hewani, unaua minyoo, hata mbegu za magugu zinashindwa kuota. Mume wangu kacheka. Yeye anataka kumkodishia mfyatua matofali shamba hili. Udongo ukishachimbwa nitalima nini — shimo? Tumekubaliana anipe msimu mmoja.

Alhamisi, 21 Machi
Imeota vizuri. Mama mkwe anawatangazia wenzake kwamba mkamwana wake siku hizi hapandi chakula, anapanda dawa. Nikajifanya sisikii. Jioni kachuma majani kikapu kizima, kapika. Nimekula nimenuna. Yalikuwa matamu, hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumapili, 7 Aprili
Mvua hakuna. Ndoo, ndoo, ndoo. Mgongo!

Jumanne, 16 Aprili
Maua! Kesho nakata, kabla hayajafunga mbegu. Nimemwambia mume wangu wakati wa kula, yeye yuko na simu tu. Mwishowe kasema mfyatua matofali anakuja kesho kupima. Nikamkumbusha tulivyokubaliana, msimu mmoja.
"Si imeshachanua?" kasema. "Basi msimu umeisha."
Nimenyanyuka mezani. 

Jumatano, 17 Aprili
Nimekaa kwenye tuta kuvuta pumzi. Macho yanawasha, mikono inanuka kama nimeshinda nakatakata vitunguu vibichi. Nimeanza alfajiri, peke yangu. Nusu ya shamba imeshafukiwa. Mfyatua matofali kafika na kamba yake. Nikamwambia kama anataka kupima, aanze kunipima mimi, maana siondoki. Kaenda kumwita mume wangu.

Kisha kaja mama mkwe. Kasimama, kaangalia maua yaliyolala chini, kavua viatu. Nikajua leo nitasemwa mpaka basi. Kumbe kapanda kwenye tuta, kaanza kushindilia udongo kwa miguu, taratibu, mstari kwa mstari.
"Ukali unatorokea huku," kasema. "Acha kuandika, leta maji."

Wanakuja. Mume wangu mbele, yule wa kamba nyuma. Mama mkwe kawaona kabla yangu. Anaendelea kukanyaga —