Bustani Niliyomtengenezea Mke Wangu Inaua Mti Wake

Mpendwa Mama Prisila, najua utanicheka, lakini nicheke huku unanisaidia. Mimi ni Msukuma, wazazi wangu walihamia huku na ng'ombe nikiwa mdogo, na kwetu uwanja safi ni uwanja usio na kitu, lakini nilipopata kiwanja hapa Mwamkulu mke wangu Mariana, Mkonongo wa Inyonga, binti wa mrina asali, aliniambia, "Baba Suzana, nyumba jenga unavyotaka, ila hii miti mitatu ya mtundu, miti ya nyuki, niachie," na hajawahi kuniomba kitu kingine tangu tuoane, basi nikaiacha. Mwezi wa kumi akaenda kwao kumuuguza mama yake, na mimi kwa kumkumbuka nikasema nimtengenezee bustani chini ya miti yake, kama ile niliyoiona misheni, nikasomba udongo wa kichuguu kwa mkokoteni wiki tatu, nikaujaza kuzunguka kila shina mpaka usawa wa goti, nikapanga mawe, nikayapaka chokaa, nikapanda mawaridi, wapita njia wakawa wanasimama kutazama nami nikavimba kichwa. Sasa ni Februari, porini kote ni kijani, lakini ule mtundu mkubwa wa katikati unapukutisha majani ya njano na gome limeanza kuoza pale lilipofukiwa, na mawaridi yenyewe yamekonda kwa kukosa jua. Rafiki yangu Bartolomeo anasema, "Kata, choma mkaa, shemeji akirudi mwambie mti ulipigwa na radi." Mariana atarudi kabla ya Pasaka, nampenda sana, naogopa kumwona akiutazama mti ule, je, nikate?

Masunga, Mwamkulu, Mpanda, 1997

MAMA PRISILA ANAJIBU:

Masunga mwanangu, nimekucheka, kisha nimekuonea huruma. Wanaume wanaosomba udongo wiki tatu kwa ajili ya mke aliye safarini ni wachache. Lakini umeuzika mti ungali hai. Mizizi nayo hupumua, na udongo wa kichuguu ukilowa hushikamana kabisa, hewa haipiti.

Weka shoka chini. Huyo Bartolomeo akija mpe chai, usimpe nafasi ya kushauri. Binti wa mrina asali anajua mti uliopigwa na radi unavyokuwa, utamdanganya mpaka lini?

Leo hii anza kuondoa udongo, kwa mikono, maana jembe litachubua mizizi. Ondoa mpaka uone pale shina linapotanuka kuingia ardhini. Majani yakidondoka yaache yalale hapo hapo, najua fagio linakuwasha mikononi. Mawaridi yahamishie mbele ya nyumba kwenye jua. Ukitaka kijia, kipitishe kikizunguka mizizi, na kivulini weka benchi. Miti hiyo ilikuwepo kabla yako, kwa hiyo bustani ndiyo ijipange kuifuata.

Siwezi kukuahidi kwamba mti wa katikati utapona. Kwa hiyo mwandikie Mariana wiki hii, umweleze yote, na umwambie ulifanya hivyo kwa kumkumbuka. Atakasirika, na ana haki. Mti huo ukifa akiwa anajua, mtausikitikia wawili. Ukiukata kwa siri, atausikitikia peke yake, kando ya mume anayejifanya hajui kitu.

Anza na ule mkubwa, ndio wenye haraka. Lakini mmoja kati ya ile midogo ufukue nusu tu. Mariana akishapumzika na safari, mpe nafasi upande wa pili wa shina, muufukue pamoja.