Baba Jairo, Sajini Amefumbua Macho

Baba Jairo,

Najua umekufa. Nianze na hilo, usije ukadhani mke wako amerukwa na akili. Nilikuzika kule nyumbani Maragoli, nikatupa udongo kwa mkono huu huu ulioshika kalamu. Lakini kuna jambo limetokea hapa shambani, na kwa vile nilivyokusumbua juu ya mbwa yule, sioni mwingine wa kumwambia.

Tangu kichomi kikuchukue ni miezi mitatu. Bado nachuma kahawa, na chumba chetu hapa kambini hawajaninyang'anya. Paa linavuja pale pale. Kazi yako ya kutunza mbwa wa shamba ilikaa bila mtu. Nyapara Karanja alikuwa akiwatupia chakula na kwenda zake. Wale wawili wadogo hawakujali. Sajini ndiye aliyekataa. Kutwa alilala mlangoni kwangu, ukimwita hainui hata sikio. Mzungu mwenye shamba akamtazama akasema mbwa asiyefanya kazi hana faida. Wewe unajua maneno hayo huishia wapi. Huishia kwenye bunduki.

Basi nikaamua kushika pale ulipoachia. Usicheke! Siku ya kwanza nilimpigia kelele "Chini! Chini! Chini!" mpaka majirani wakatoka nje, naye ananitazama tu. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia, "Mama Jairo, mbwa si kiziwi. Sema mara moja, kisha ungoje." Mimi, ambaye nikiongea Ruiru nasikika Thika! Nilisema mara moja, nikangoja. Wacha nikuambie, kungoja ni kazi kuliko kuchuma kahawa. Wiki ya tatu akalala chini, nami nikampa kipande cha ugali.

Hata yale mambo ya maji nimeyafanya. Unakumbuka tulivyogombana? Nimetoka mtoni na debe kichwani, shingo inauma, nakukuta umemshika Sajini kidevu unammiminia maji yangu machoni, naye ametulia kama mtoto anayebatizwa. Nilikuuliza kama unalea mbwa au askofu. Ukanijibu polepole, "Siku ya taabu si siku ya kumfundisha." Nilikasirika siku mbili.

Sasa sikia. Jumanne tulikuwa tumepanga foleni kupima kahawa. Sajini akatokea upande wa lile rundo la mawe, anakimbia mshazari, anagonga vikapu, mate yanamtoka, anasugua uso kwenye nyasi. Mtu akapiga ukelele, "Kichaa! Mbwa ana kichaa!" Wanjiru, yule ninayechuma naye mstari mmoja, akaita "Ngai!" akaangusha kahawa yake yote akakimbia. Wanaume wakamzunguka na majembe. Karanja akatuma mtu akamwite Mzungu aje na bunduki.

Sitakudanganya, niliogopa. Kichaa cha mbwa si mchezo, na kama kingekuwa kichaa kweli, ningewaacha wampige. Lakini wewe ulizoea kusema jicho litangulie mkono, kwa hiyo nikasimama mbali nikamtazama. Asubuhi alikuwa mzima, amekula vizuri. Sasa alikuwa anasugua macho, macho tu, nayo yalikuwa yamevimba na kufumba. Na Wanjiru alikuwa ameona nyoka mweusi kwenye yale mawe Ijumaa, wale wanaotema sumu machoni.

Nikamwambia Karanja, "Ngojeni." Akasema, "Mama Jairo, usijitafutie kaburi, tafadhali." Nikamwambia Sajini, "Chini." Mara moja. Kwa sauti ndogo.

Baba Jairo, alisimama. Alikuwa haoni kitu, anatetemeka mwili mzima, na watu wamemwinulia majembe. Kisha akalala chini.

Nilimfunga mdomo kwa kitambaa changu cha kichwa, maana hata mbwa mwema huuma akiumia, nalo hilo nililitoa kwako. Nikamshika kidevu, nikaanza kumwaga maji ya kunywa ya wachumaji, taratibu, jicho hili, jicho lile. Mama mmoja akaleta ugoro eti tumtie machoni utoe sumu. Nikamfukuza! Debe lilipoisha Karanja mwenyewe akaenda mbio kuleta la pili. Mikono iliishiwa nguvu lakini sikuacha. Mzungu alifika na bunduki yake, akasimama, akaangalia, na mwishowe akaitoa risasi akaitia mfukoni.

Tukampeleka Thika kwa daktari wa mifugo, mimi nyuma ya lori nimempakata. Daktari alimpa dawa ya kupaka, akasema bila yale maji ya mapema macho yangeharibika yote mawili. Leo, Jumapili, nimetoka kanisani nikamkuta ameyafumbua. La kushoto lina ukungu kidogo. Alinitambua kabla sijasema neno.

Mzungu ameniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia, "Mume wangu." Sikumwambia kwamba mwanafunzi mwenyewe alikuwa anamtukana mwalimu. Kazi yako nimepewa mimi. Karanja ameshaleta mbwa wake wa nyumbani, jitu lisilojua hata jina lake, na jana Wanjiru alinijia na katoto ka mbwa kwenye kikapu. Nakuahidi nitawafundisha wakiwa wazima, siku hakuna kelele wala damu, na wenye mbwa nitawafundisha zaidi, kwa sababu hao ndio wagumu.

Lakini hayo si yote yaliyonikalisha hapa niandike. Miaka kumi na moja tuliishi chumba kimoja, ukanieleza jambo hili kwa upole mara ngapi sijui, na kila mara nilikuwa na jibu. Neno moja ulilostahili sikukupa, na ulikuwa umekaa karibu hivi, ningelisema hata kwa kunong'ona. Ulisema kweli, mume wangu. Ulisema kweli.

Pumzika sasa.

Mke wako,
Rispa