Bomba la Gesi Jikoni Kwangu

Jumamosi usiku, Bokoli

Ati bomba ni bomba! Mkwe wangu ametoka Kitale na mabomba ya plastiki yaliyobaki kwa kazi ya maji, anataka kuniwekea gesi nayo jikoni.

Binti yangu Nafula akamwambia mumewe polepole, "Baba Brian, hii ni ya maji. Gesi inataka shaba." Nafula ndiye fundi wa mabomba! Nyumba ngapi Kitale zinapata maji kwa mkono wake? Bungoma yote hakuna mama amezaa kama mimi.

Mumewe akacheka mbele ya majirani. "Leo hapa wewe ni bibi yangu. Fundi mwache huko kazini."

Mtoto wangu akaenda kuosha vikombe. Iliniuma sana. Gesi ikivuja, ni wajukuu wangu wanalala humo jikoni. Lakini mama mkwe kubishana na mkwe ni mwiko, nikaangalia chini kama mjinga.

Basi walipokuwa wakila kuku, nikabeba mtungi wa gesi mwenyewe, nikauweka chumbani ninakolala. Mkwe hakanyagi hapo.

Baadaye akauliza, "Mama, mtungi uko wapi?"

"Uko kando ya kitanda changu, baba. Ingia uchukue."